Miaka 28 ya kupanga: kisa cha Coyotes wa Arizona

Usiku wa tarehe 17 Aprili 2024, mjini Tempe katika jimbo la Arizona, timu ya hoki ya barafuni iitwayo Arizona Coyotes iliifunga Edmonton Oilers mabao 5 kwa 2. King'ora cha mwisho kikalia, na watu hawakuondoka. Kila aliyekuwa ukumbini alijua kwamba kesho yake wamiliki wa timu za NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, wangepiga kura, na kura hiyo ingewapeleka wachezaji wote waliokuwa pale barafuni hadi Salt Lake City, jimbo la Utah, mwendo wa saa moja na nusu kwa ndege. Tarehe 18 kura ikapigwa. Bei ilikuwa dola bilioni 1.2. Wiki mbili tu nyuma, mashabiki walikuwa bado wanajadili ramani ya uwanja mpya uliotarajiwa kujengwa kaskazini mwa Phoenix, jiji kuu la Arizona.

Wengi hukieleza kisa hiki kwa sentensi moja: Arizona ni jangwa, na jangwani nani anapenda barafu? Sikubaliani kabisa na maelezo hayo. Las Vegas nako ni jangwa, tena mji ule haukuwahi kuwa na timu ya NHL kabla ya 2017. Miaka sita baadaye Golden Knights walibeba kombe la Stanley, lile la ubingwa wa NHL, na ukumbi wao hujaa. Dallas kuna joto, Tampa kuna joto, na kote huko kombe limefika. Ukiwafuata Coyotes hatua kwa hatua tangu 1996, joto halikupi jibu. Jibu lipo kwenye nyumba. Kwa miaka 28 timu ile haikuwahi kumiliki jengo ililochezea. Ilikuwa mpangaji, na kila mwenye nyumba alikuwa na hesabu zake.

Msomaji wa Tanzania hahitaji maelezo marefu kuhusu timu kuhama. Ihefu ya Mbarali ilihamia Singida mwaka 2024 na sasa ni Singida Black Stars; watu wa Ubaruku waliokuwa wanaitembelea kwa miguu wakabaki na uwanja mtupu. Tofauti ya Marekani ni hii: kule hakuna kushuka wala kupanda daraja. Ligi ni kundi lililofungwa la wamiliki, idadi ya timu hupangwa na wao wenyewe, na mji usio na timu hauwezi kuanzisha klabu ya mtaani ikapanda hadi juu. Utapewa timu mpya na ligi kwa ada kubwa, au utaichukua ya mwenzako. Ndiyo maana kila timu inayoyumba huwa na miji mingine inayoitazama.

Winnipeg, 1996

Na Coyotes wenyewe walikuwa timu ya watu wengine. Walizaliwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1972 kwa jina la Jets, na wakaingia NHL mwaka 1979. Miaka ya 1990 dola ya Kanada ilishuka hadi karibu senti 73 za Marekani. Timu ilikusanya viingilio kwa dola ya Kanada na kulipa mishahara kwa dola ya Marekani, huku mishahara ikipanda kila msimu. Ukumbi wake ulikuwa mzee, bila vyumba vya kifahari vya kukodisha kwa makampuni, na serikali hazikukubali kujenga mwingine. Mwaka 1995 maelfu ya watu waliandamana na kuchangishana kuiokoa. Watoto walileta akiba zao za vibubu. Timu ilipata msimu mmoja zaidi. Aprili 1996 ilicheza mechi yake ya mwisho nyumbani dhidi ya Detroit, katika hatua ya mtoano, mashabiki wakiwa wamevaa nguo nyeupe tupu kama ilivyokuwa desturi yao tangu 1987.

Desturi ile ya nguo nyeupe ilihamishwa pia. Phoenix ikaichukua pamoja na wachezaji, na kwa miaka mingi mashabiki wa jangwani walivaa nyeupe kwenye mechi za mtoano bila wengi wao kujua imetoka wapi. Kila ninaposoma malalamiko ya watu wa Arizona ya mwaka 2024, ambayo ni ya haki kabisa, nakumbuka vibubu vya Winnipeg.

Kiti kisichoona goli

Nyumba ya kwanza ya Coyotes ilikuwa ukumbi wa katikati ya jiji la Phoenix uliofunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya timu ya mpira wa kikapu, Suns. Uwanja wa kikapu una urefu wa mita 28 hivi. Barafu ya hoki ina urefu wa mita 61. Ukiingiza barafu kwenye jengo lililochorwa kwa kikapu, upande mmoja viti vinabaki vinaning'inia juu ya eneo la mchezo, na anayekaa pale halioni goli lililo chini yake. Maelfu ya viti vya ukumbi ule vilikuwa vya namna hiyo. Timu iliviuza kwa bei ya chini, na vingine ikashindikana kuviuza.

Zaidi ya viti, mapato yanayoilisha timu ya Marekani leo hayatoki sana kwenye kiingilio cha mlangoni. Yanatoka kwenye vyumba vya kifahari, matangazo ya ukutani, maegesho ya magari, vyakula na vinywaji, jina la ukumbi, na matamasha ya muziki siku zisizo na mechi. Mwenye jengo ndiye anayeanza kuchukua. Mpangaji hupewa kilichoandikwa kwenye mkataba, na mara nyingi huwa kidogo.

Kwa hiyo wamiliki wa Coyotes wakatafuta nyumba yao. Walipotaka kwenda ni Scottsdale, mashariki, walikokaa wengi wa wanunuzi wa tiketi za msimu. Mwaka 2001 timu ilinunuliwa na Steve Ellman, mwekezaji wa ardhi na majengo, akiwa na Wayne Gretzky, gwiji wa hoki, kama mshirika wake. Mpango wao wa kujenga pale lilipokuwa jumba la maduka la Los Arcos ulivunjika. Hapo mji wa Glendale ukanyoosha mkono.

Glendale

Hapa ndipo kisa kilipoamuliwa, ingawa ilichukua miaka 20 kuonekana.

Glendale ni mji wa magharibi mwa Phoenix, wenye wakazi wapatao robo milioni. Uliahidi dola milioni 180 za ujenzi wa ukumbi wenye viti zaidi ya 17,000, na Ellman akaahidi kuujengea mtaa mzima wa maduka, hoteli, sinema na nyumba uitwao Westgate. Hesabu ya mji ilikuwa rahisi: kodi ya mauzo ya Westgate itarudisha deni la ukumbi. Ukumbi ulifunguliwa Desemba 2003, na ulikuwa mzuri. Kila kiti kiliona magoli yote mawili.

Lakini wanunuzi wa tiketi walikuwa Scottsdale, Tempe na Chandler. Mechi za NHL za katikati ya wiki huanza saa moja jioni. Mtu anayetoka kazini saa kumi na moja upande wa mashariki alipaswa kuvuka bonde lote la Phoenix, zaidi ya kilomita 30, kwenye barabara kuu wakati ule ule ambapo kila mtu anarudi nyumbani. Akiwa na mtoto anayeamka asubuhi kwenda shule, atafanya hivyo mara mbili kwa msimu, siyo mara 41. Mashabiki wa Arizona wamelisema hili kwa miaka mingi na wakaonekana wanatoa visingizio. Mimi nawaamini. Ungepeleka mechi zote za Simba na Yanga Chalinze siku za kazi jioni, ungeona ni wangapi wangefika, na hakuna ambaye angethubutu kusema Dar es Salaam haipendi soka.

Kisha likaja jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililoua mpango, na ambalo hutajwa kwa haraka mno. Mwaka 2006 Ellman na mshirika wake Jerry Moyes, mwenye kampuni kubwa ya malori, waligawana mali. Moyes alichukua timu na haki za ukumbi. Ellman alibaki na Westgate. Yaani ardhi iliyotakiwa kuilisha timu ikatenganishwa na timu. Aliyebaki na hoki alibaki na hasara tupu. Aliyebaki na maduka hakuwa tena na wajibu wa hoki. Miaka miwili baadaye soko la nyumba la Marekani likaporomoka, na Arizona ni moja ya majimbo yaliyoumia zaidi. Mtaa uliotarajiwa haukukua kama ulivyochorwa, wala kodi haikuja kama ilivyohesabiwa.

Kesi

Tarehe 5 Mei 2009 Moyes aliipeleka timu mahakamani kuomba ulinzi wa mufilisi. Siku hiyo hiyo alikuwa na mnunuzi mkononi: Jim Balsillie, mmoja wa vigogo wa kampuni iliyotengeneza simu za BlackBerry. Balsillie alitoa dola milioni 212.5 kwa sharti moja, timu ihamie Hamilton, Ontario. Alikuwa amejaribu kuipata Pittsburgh mwaka 2006 na Nashville mwaka 2007, akashindwa zote mbili. Safari hii alitaka kupitia mlango wa mahakama: sheria ya mufilisi inataka wadai walipwe kadiri inavyowezekana, na yeye ndiye aliyekuwa na fedha nyingi kuliko wote.

Ligi ilipinga kwa nguvu zote. Hamilton ipo kati ya Toronto na Buffalo, timu mbili zisizotaka jirani wa tatu. Lakini hoja kubwa ya ligi ilikuwa pana zaidi. Ikiwa mwenye timu anaweza kufilisika kwa makusudi na kumuuzia amtakaye, mahali atakapo, basi ligi haina tena uwezo wa kuamua nani ni mwanachama na nani acheze wapi. Kamishna Gary Bettman, aliye kwenye kiti hicho tangu 1993, aliipigania kanuni hiyo kuliko alivyoipigania Phoenix yenyewe. Mwishoni mwa Septemba Jaji Redfield Baum alikataa ombi la Balsillie, hata baada ya mtu huyo kuongeza dau na kuahidi Glendale dola milioni 50. Mwezi Novemba ligi yenyewe ikainunua timu kwa dola milioni 140.

Naona hukumu ile ilikuwa sahihi kisheria, na bado ilizaa kitu cha ajabu: timu inayomilikiwa na wapinzani wake wote. Kwa karibu miaka minne, wamiliki wa timu nyingine walichangia bajeti ya Coyotes na kucheza dhidi yao jioni ile ile. Na timu ilicheza vizuri! Mwaka 2012 iliitoa Chicago, ushindi wa kwanza wa mfululizo wa mtoano tangu 1987, ikafika fainali ya kanda ya magharibi na kufungwa na Los Angeles waliokuja kutwaa kombe. Ukumbi wa Glendale ulijaa, weupe mtupu kutoka juu hadi chini. Huo ndio ushahidi wangu mwingine dhidi ya wanaosema jangwa halina mashabiki.

Nani alilipa? Glendale. Miaka miwili mfululizo mji ulitoa dola milioni 25 kila mwaka ili ligi isiondoe timu. Mwaka 2011 Winnipeg ilikuwa tayari imejiandaa kuwachukua wale waliokuwa wake zamani. Baraza la Glendale lilipoidhinisha malipo ya pili, kampuni ya True North ya Winnipeg iligeukia Atlanta na kuinunua timu ya huko, Thrashers. Dola milioni 60 za biashara ile zilikwenda kwa ligi kama ada ya kuhama. Watu wa Atlanta hawakuwa na jimbo wala jiji la kuwalipia, wakapoteza timu kwa mara ya pili, kwa sababu ile ya kwanza ilikwenda Calgary mwaka 1980. Na Glendale iliyokuwa ikilipa mamilioni ilipandisha kodi ya mauzo mwaka 2012 kujaza pengo la bajeti.

Julai 2013 ukaja mkataba mpya. Kundi la wawekezaji liitwalo IceArizona lilinunua timu kwa dola milioni 170, na baraza la mji, kwa kura 4 dhidi ya 3, likakubali kuwalipa dola milioni 15 kwa mwaka kwa miaka 15 kuuendesha ukumbi. Wamiliki nao waliwekewa mlango wa kutokea: hasara ikifika dola milioni 50 ndani ya miaka mitano, ruhusa kuondoka. Soma tena masharti hayo. Mji umefungwa miaka 15, mpangaji amefungwa mitano. Juni 2015 baraza jipya lilipiga kura 5 kwa 2 kuuvunja mkataba, likidai kulikuwa na mgongano wa maslahi kwa waliokuwa watumishi wa mji walioingia upande wa timu. Wakapatana kwa mkataba mfupi. Ulipokwisha, Coyotes wakawa wapangaji wa mwaka hadi mwaka, na kila mwenye macho alijua mwisho unakuja.

Ulikuja Agosti 2021. Glendale ilitangaza haitaongeza mkataba baada ya msimu wa 2021–22. Desemba ya mwaka ule ikatishia kufunga milango kwa sababu ya kodi ambazo timu ilikuwa haijalipa. Timu ikasema ni makosa ya kibinadamu na ikalipa. Mmiliki wakati huo alikuwa Alex Meruelo, aliyenunua mwaka 2019.

Kura ya Tempe

Timu ikahamia ukumbi wa Mullett, mali ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona. Kwa hoki ulikuwa na viti 4,600, wakati ukumbi wa kawaida wa NHL una 17,000 au 18,000. Wageni walibadilisha nguo kwenye vyumba vya muda hadi jengo la pembeni lilipokamilika. Mechi ya kwanza pale, tarehe 28 Oktoba 2022, mgeni alikuwa Winnipeg. Tiketi zilikuwa ghali, kelele zilikuwa kubwa, na waliohudhuria wanasimulia kwa upendo jinsi walivyokaa hatua chache kutoka barafuni. Chama cha wachezaji hakikuona upendo huo. Kiliona wanachama wake wakifanya kazi katika mazingira ambayo hakuna timu nyingine ingeyakubali, na mapato ya ligi, ambayo wachezaji hupata sehemu yake, yakipungua.

Ukumbi wa chuo ulikuwa daraja la kufikia nyumba halisi. Tempe ilikuwa na dampo la zamani la ekari 46 kando ya Mto Salt. Meruelo alipendekeza kulisafisha na kujenga mtaa wa dola bilioni 2.1: uwanja, hoteli, ukumbi wa burudani na karibu nyumba 2,000 za kupangisha. Baraza la mji lilipitisha kwa kura zote 7 na kuwapelekea wananchi. Timu ilisisitiza kwamba fedha za ujenzi ni binafsi. Wapinzani wakafungua vitabu: mradi ungepewa nafuu ya kodi ya majengo kwa miaka mingi, na hatifungani za kusafisha dampo na kujenga barabara zingelipwa kwa kodi zinazozaliwa ndani ya mradi wenyewe, ambazo vinginevyo zingeingia hazina ya mji. Uwanja wa ndege wa Sky Harbor ulikuwa karibu mno, na jiji la Phoenix lilikwenda mahakamani kupinga nyumba za watu chini ya njia ya ndege.

Tarehe 16 Mei 2023 wananchi wa Tempe walikataa maswali yote matatu, takribani 56 kwa 44 katika kila mia.

Nimesoma maandiko mengi yanayowaita wapiga kura wale wajinga walioua timu. Hilo linanikera. Waliishi kilomita 30 kutoka Glendale. Walikuwa wameona kwa miaka 20 mji mdogo ukilipa, ukipandisha kodi, ukigombana mahakamani, na mwishowe ukibaki na ukumbi bila timu. Walimwona mpangaji aliyechelewesha kodi za serikali akiomba nafuu ya kodi. Ningekuwa na kura pale, ningeipenda timu na bado ningepiga hapana. Aliyetakiwa kulaumiwa ni yule aliyefika kwenye sanduku la kura bila mpango wa pili. Kwa kweli hakuwa nao.

Mpango wa pili ulipopatikana ulikuwa mnada wa ardhi ya jimbo, zaidi ya ekari 90 kaskazini mwa Phoenix, bei ya kuanzia dola milioni 68.5, tarehe 27 Juni 2024. Hata kama angeshinda siku hiyo, uwanja ungechukua miaka. Wachezaji wangeendelea kucheza kwenye viti 4,600. Ligi ikafanya hesabu na kuona haiwezi kusubiri.

Siku kumi za Aprili

Wakati huo Ryan Smith alikuwa akibisha hodi. Tajiri huyu wa programu za kompyuta alinunua timu ya kikapu ya Utah Jazz mwaka 2020 na Januari 2024 aliomba hadharani NHL impe timu mpya. Badala ya mpya akapewa ya Arizona. Kati ya dola bilioni 1.2 alizotoa, bilioni 1 ilikwenda kwa Meruelo na milioni 200 zikaenda kwa ligi, kugawanywa kwa wamiliki wengine. Wachezaji walipata habari kamili wakiwa safarini Edmonton, mechi chache zikiwa zimebaki. Mashabiki walizipata kwenye simu zao.

Weka takwimu hizo pamoja. Mwaka 2009 ligi ilinunua timu hii kwa milioni 140. Mwaka 2013 iliuzwa kwa milioni 170. Mwaka 2024, baada ya kupoteza ukumbi, kushindwa kura na kucheza miaka miwili kwenye jengo la chuo, bei ikawa bilioni 1.2. Hakuna duka, shamba wala basi la abiria linalopanda thamani hivyo huku likipata hasara. Inawezekana kwa timu kwa sababu kinachouzwa ni nafasi kwenye kundi lililofungwa, na nafasi hizo ni 32 tu. Ndiyo maana mwenye timu inayoyumba hana haraka ya kuirekebisha. Anachohitaji ni kuvumilia hasara za mwaka hadi mji mwingine utamani kiti chake. Na wamiliki wenzake, wanaopiga kura kuruhusu kuhama, hulipwa kwa kuruhusu. Mji unaoachwa hauna kura.

Kisheria, ligi ilisema Utah ni timu mpya na kwamba jina, nembo na historia ya Coyotes vinabaki na Meruelo. Akijenga uwanja ndani ya miaka mitano, atapewa timu. Tarehe 21 Juni jimbo likafuta mnada kwa sababu mradi ulihitaji kibali maalumu cha matumizi ya ardhi kwanza. Siku chache baadaye Meruelo akaachana na haki hiyo.

Salt Lake City

Jambo la kushangaza ni kwamba Utah ilianza na tatizo lile lile la Phoenix ya 1996. Ukumbi wa Delta Center ulifunguliwa mwaka 1991 kwa ajili ya kikapu. Msimu wa kwanza, viti vilivyoona barafu yote vilikuwa 11,131, na maelfu ya vingine viliuzwa kama viti vya goli moja. Tarehe 8 Oktoba 2024 timu ikiitwa tu Utah Hockey Club iliifunga Chicago 5 kwa 2 mbele ya ukumbi uliojaa. Mei 2025 ilipewa jina la Mammoth, na kiangazi hicho mafundi wakaanza kuvunja na kupanga upya viti.

Tofauti iko kwenye hati. Smith ni mmiliki wa hoki, mmiliki wa kikapu na mwendeshaji wa ukumbi. Maegesho, matamasha, vyumba vya kifahari, vyote vinaingia mfuko mmoja. Hakuna mwenye nyumba wa kugombana naye kuhusu ukarabati. Na ukumbi upo katikati ya mji, treni ya mjini inasimama hatua chache kutoka mlangoni.

Hata hivyo umma unalipa. Bunge la Utah lilipitisha sheria mwaka 2024, na jiji likaongeza kodi ya mauzo kwa nusu asilimia ili kupata hadi dola milioni 900 za ukumbi na mtaa unaouzunguka. Safari hii hakukuwa na kura ya wananchi kama ya Tempe. Baraza la jiji liliamua. Salt Lake City ina familia nyingi zilizofika kama wakimbizi, zikiwemo za Wakongo na Warundi wanaozungumza Kiswahili nyumbani. Anayenunua viatu vya shule vya mwanawe mjini pale anachangia, awe amewahi kuiona hoki au la. Sijui kwa nini jambo hilo linaandikwa kidogo kuliko rangi za jezi.

Nikirudi Arizona, kitu kimoja hakiwezi kuhamishwa. Timu ilipofika mwaka 1996, barafu za kufanyia mazoezi bondeni zilikuwa chache. Watoto wakaanza. Mmoja wao, Auston Matthews, alikulia Scottsdale akiitazama Coyotes, na mwaka 2016 alichaguliwa wa kwanza kabisa na Toronto.

Mwingine ni Josh Doan. Baba yake, Shane, alikuwa mchezaji chipukizi wa Winnipeg katika msimu ule wa mwisho. Akiwa na miaka 19 timu ikahamishwa naye akahamishwa. Alicheza misimu 21, yote kwa timu ile ile chini ya majina matatu, akiwa nahodha tangu 2003 hadi 2017. Josh alizaliwa Scottsdale mwaka 2002. Alisoma Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona na kukichezea hoki katika ukumbi ule ule wa Mullett. Machi 2024 alivaa jezi ya Coyotes kwa mara ya kwanza, pale pale, na kufunga mabao mawili. Wiki tatu baadaye timu ikauzwa. Alikuwa na miaka 22 alipofungasha mizigo kwenda Utah.